Nilimuuza Kaa: miaka sita na Eunos Roadster Unguja

Milioni sita na nusu. Pesa taslimu, zikahesabiwa mara mbili kwenye meza ya mkahawa Darajani, na jioni ile ile nikaenda kulipia bati. Bati zipo juu ya nyumba mpaka leo na hazivuji. Kaa alikuwa anavuja. Kwa hesabu hiyo tu nilifanya biashara ya maana, na kila niliyemuuliza aliniambia hivyo, wengine hata kabla sijamaliza kuuliza.

Kaa ni Eunos Roadster ya mwaka 1991. Kwa asiyeijua, hiyo ni Mazda. Eunos lilikuwa jina la maduka ya Mazda kule Japani, na gari hii ilianza kuuzwa huko Septemba 1989. Marekani wameizoea kwa jina la Miata, Ulaya ni MX-5. Viti viwili, basi. Paa la turubai unalikunja kwa mkono. Injini ya lita 1.6 iko mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, gia tano za mkono, na uzito wake ni kilo 940, haifiki tani. Si gari ya ajabu duniani, maana Mazda ilitoa ya milioni moja mwaka 2016. Ajabu ni kuikuta Mwanakwerekwe imeegeshwa kando ya kibanda cha mchele.

Taa zake za mbele hulala ndani ya boneti, na ukiziwasha zinanyanyuka. Mara ya kwanza kuipeleka Chwaka giza lilinikuta pale pale pwani, nikawasha taa, na mtoto mmoja akapiga ukelele: "Kaa! Kaa kainua macho!" Watoto wa Chwaka kaa wanawajua, hawawezi kukosea. Tangu siku hiyo jina likamganda. Hata fundi wangu akiniandikia risiti aliandika "Kaa, oili na plagi nne".

Swali nililoulizwa kuliko yote: "Kisiwa chenyewe hiki, utakimbia uende wapi?" Ni swali la haki. Unguja urefu wake ni kilomita 85 hivi, na njiani kuna baiskeli, mbuzi, watoto wa skuli na daladala inayosimama popote mtu anapogonga bodi. Anayeleta gari ya nguvu za farasi mia tatu hapa ataifuga tu, kama mtu anayefuga simba chumbani. Lakini Kaa alikuwa na farasi 120, na utamu wake haukuwa kwenye mwendo mkubwa. Ulikuwa kwenye kilomita hamsini, sitini kwa saa, pale njia inapopinda. Injini imesogezwa nyuma ya ekseli ya mbele, kwa hiyo uzito umegawika karibu nusu kwa nusu. Halafu kuna boriti la alumini lililounganisha gia boksi na difu, ukikanyaga mafuta jawabu linakuja papo hapo, halikai njiani likifikiri. Usukani wangu haukuwa na pawa. Kuegesha Mji Mkongwe ilikuwa jasho, lakini ukishatembea, kila kokoto unaisikia mikononi.

Watu wa Mazda wana neno lao, jinba ittai, maana yake mpanda farasi na farasi wamekuwa mwili mmoja. Mimi farasi sijapanda. Nimekua nikidandia gari ya ng'ombe ya babu shamba, na hata humo, ukiwa mtoto, unaona jinsi ng'ombe anavyogeuka kabla babu hajavuta kamba. Kitu kama hicho.

Njia ya Chwaka, ukishapita Dunga, asubuhi ya Jumapili, paa limekunjwa, kabla jua halijakuwa na ukali. Kuna kona moja huko ambayo siitaji isije ikajaa watu. Unashusha kutoka gia ya nne kwenda ya tatu, mkono hausogei zaidi ya upana wa kiganja, gari inainama kidogo, unanusa majani mabichi na moshi wa kuni wa mtu anayechemsha muhogo, na unatoka kule upande wa pili huna hata shilingi mpya mfukoni lakini unacheka peke yako. Kwa gari nyengine safari ile ni nusu saa ya kufika Chwaka. Kwa Kaa nilikuwa nafika, nanunua pweza, nageuza, kisha naingia njia ya Jozani kwa makusudi ili nirudi kwa mzunguko. Kisiwa kikawa kirefu.

Jozani yenyewe ilikuwa adhabu. Pale msituni barabara ina matuta yaliyowekwa ili kima punju wavuke salama, na mimi sina ugomvi na kima punju, ila Kaa tumbo lake liko chini. Ilibidi niyakate mshazari, gurudumu moja moja, huku dereva wa gari ya watalii nyuma yangu akiuma meno. Bomba la moshi nililichomea mara tatu.

Jambo jengine ambalo hakuna kitabu cha gari kinachokwambia: gari isiyo na paa kwenye mji usio na siri. Ukifunga vioo vya gari ya kawaida unaweza kujifanya hukumwona mtu. Ndani ya Kaa nilikuwa natoa salamu kuanzia Michenzani mpaka Amani, na anayenijua anataka jawabu kamili, hali ya mama, hali ya mguu wa mama. Mke wangu alipanda na paa likiwa wazi mara moja tu, tukiwa wachumba. Mtandio ukaruka karibu na Maisara, nikashuka kuukimbiza, na mpaka leo kwao wanaisimulia kwenye kila harusi. Baada ya hapo alipanda paa likiwa limefungwa, na alikuwa halalamiki sana. Nilidhani anaipenda.

Sasa ubaya wake, maana sitaki mtu asome haya akaenda kuagiza halafu anitafute. Gari ya umri ule si ya mtu anayeishi mita mia mbili kutoka baharini na ana uvivu. Nyuma ya viti, kwenye pembe mbili za paa, mna vitundu vya kupitisha maji ya mvua. Vikiziba, maji yanaingia kwenye kizingiti cha bodi na kukaa humo, na kutu inaanzia ndani, huioni mpaka rangi itoe malengelenge. Mimi nilikuwa naegesha chini ya mwarobaini. Majani ya mwarobaini ni madogo kiasi gani, mwenyewe unajua. Masika ya tatu nikakanyaga zulia, likatoa maji. Kosa langu mwenyewe, wala simsingizii mtu. Usafishe vitundu vile kila mwezi kwa waya laini, na usiegeshe chini ya mti wowote unaotoa majani madogo.

Dirisha la nyuma ni la plastiki na jua letu linaligeuza rangi ya chai ya maziwa. Betri iko kwenye buti, ni ndogo na ya aina yake, usikubali fundi akulazimishie kubwa. Nafasi ya mizigo ni ya gunia nusu la mchele, na gunia lenyewe liwe na adabu.

Injini, kwa upande wake, ni ngumu kama mzee wa Makunduchi. Siku moja mkanda wa taimingi ulinikatikia Mahonda. Kwa injini nyingi hiyo ni habari ya msiba, pistoni zinapiga valvu na unaanza kuuza viwanja. Hii imepangwa hivi kwamba mkanda ukikatika, pistoni na valvu hazikutani. Nikavutwa mpaka mjini, ukafungwa mkanda mpya na pampu ya maji, kesho yake mchana iko njiani. Na injini ile ni ya ukoo mmoja na ya Mazda Familia, kwa hiyo spea za humo hazikunitesa. Kilichonitesa ni vitu vya bodi na vya paa, ambavyo lazima uviagize Japani na kusubiri. Mafuta nilikuwa nikipata kilomita kumi, kumi na moja kwa lita, na bei mpya za mafuta za ZURA, mamlaka ya nishati ya Zanzibar, zikitoka nilikuwa sinuni sana.

Kwa nini niliuza, basi? Mtoto wa kwanza tulimpakata, jambo ambalo halifai na nalijutia zaidi kuliko kuuza gari. Wa pili alipokuja hapakuwa na mahali pa kupakata. Mama akija kutoka shamba, kumtoa kwenye kile kiti kulihitaji watu wawili, mmoja wa kuvuta na mmoja wa kumtuliza asicheke akaishiwa nguvu. Nyumba ilikuwa inasubiri bati. Mkwe wangu hakusema kitu, alikuwa akitazama gari kisha akitazama wajukuu. Hoja zote zilikuwa za kweli. Nazirudia usiku na sioni hata moja ya kuibomoa.

Aliyeinunua ni mwalimu mstaafu wa Wete, Pemba. Alikuja Unguja kwa miadi ya macho, akamwona Kaa Malindi, akamsubiri mwenyewe atoke msikitini. Nikamwambia, "Maalim, hii ina viti viwili tu." Akanijibu, "Watoto wangu wote wameshaoa na kuolewa. Mimi na bibi yao tunahitaji vingapi?" Siku ya tatu Kaa akapakiwa meli kwenda Mkoani. Sikukaa gatini kuangalia. Nilisema nina kazi.

Tukanunua Noah. Ni gari ya watu wazima, ina milango ya kuvuta, inabeba familia, magunia na jirani, na kwa miaka yote hii haijanipa sababu ya kuilaumu. Wala haijanipa sababu ya kurudi kwa mzunguko wa Jozani.

Mwaka 2023 nilikwenda Pemba kwenye khitma ya ndugu yetu. Nikajiambia sitapita Wete. Nikapita. Kaa alikuwa ndani ya banda la makuti, mbali na miti. Nje kumeanikwa karafuu kwenye majamvi, na ua mzima unanukia. Nilikuwa nimejiandaa kumkuta ameoza, na nikiri, nilikuwa nataka nimkute ameoza. Ningerudi Unguja nikalala. Badala yake vizingiti vimekatwa na kuchomewa vyuma vipya, rangi ile ile nyekundu imepigwa kwa subira, plastiki ya nyuma imebadilishwa. Kwenye kisahani cha majivu maalim ameweka karafuu kavu, ndiyo pafyumu ya gari. Mimi miaka sita nilimpenda Kaa kwa kumpeleka mbio. Yeye amempenda kwa kumsafisha vitundu.

"Twende mpaka Ngezi," akasema, nami nikaelekea mlango wa kulia kwa mazoea. Akanitazama tu. Nikazunguka.

Katika miaka yote ile sikuwahi kukaa kiti cha kushoto. Upepo wote wa dirisha unakuja kwenye shingo ya abiria. Huna cha kushika kwenye kona. Nilipitisha kidole juu ya kioo, pale raba ya paa inapokutana na fremu, na raba imekauka, imepasuka, mvua ya kwanza maji yatadondoka juu ya paja la kushoto. Bega la kulia la dereva litabaki kavu kabisa. Nikamfikiria mke wangu na ile safari ya Kizimkazi ya mvua, amejifunika kanga miguuni, ananiambia hapana, hapana, ni sawa.

Njia ya kwenda Ngezi baada ya Konde inapanda na kushuka, kisha unaingia msituni na hewa inapoa ghafla. Maalim anabadilisha gia polepole kuliko mimi, na vizuri kuliko mimi. Tulipogeuza nikamwuliza kama anaiuza. Akacheka mpaka akapunguza mwendo. "Nikifa mwulize bibi yao," akasema, "lakini naye ameshajifunza kuiendesha."

Halafu akagonga ile raba iliyopasuka. "Hii tu ndiyo imenishinda. Sijui nitaipata wapi."

Nilinyamaza. Wiki tatu baada ya kumuuza Kaa niliitwa posta kuchukua kifurushi kutoka Japani, raba za paa, seti nzima, nilizoagiza miezi mitano kabla. Nilikuwa nimemwambia maalim siku ya mauziano kwamba zikifika nitampelekea. Hakunikumbusha, na sijui kama anakumbuka. Kila Idi ananipigia simu, tunaulizana hali, namwuliza Kaa mzima, ananiambia mzima, ila mvua.

Raba zipo chini ya kitanda.