Matcha ya bei nafuu hapa Dodoma: pakiti tatu nilizonunua, moja niliyobaki nayo

Siku mama mkwe alipofungua kopo langu la matcha kwa mara ya kwanza, alinusa, akachovya kidole, akaniuliza: "Mwanangu, mlenda huu umekausha mwenyewe au umenunua Majengo?" Wala sikumcheka. Kwa mtu aliyekulia Chamwino, unga laini wa kijani ndani ya kopo ni mlenda tu. Nikamwambia ni majani ya chai, ya mti uleule unaolimwa Mufindi na Rungwe, ila Wajapani huufunika shambani wiki tatu au nne kabla ya kuchuma ili usipate jua kali. Wakishachuma wanayapiga mvuke, wanayakausha, wanatoa vijiti na mishipa ya majani, ndipo wanasaga taratibu kwenye jiwe. Akasema, "Ah, kumbe ni kama sisi tunavyoanika mboga kivulini isipauke." Nikamjibu ndiyo mama, ila wao kivuli wanakianza mmea ungali hai.

Mimi naoka keki za oda nyumbani, Ilazo. Wateja wangu wengi ni wanafunzi wa UDOM na watumishi wa Mtumba, na wanafunzi ndio walioanza: dada, una keki ya matcha? Unatengeneza ile ya barafu na maziwa? Nikaona nisipitwe. Kilichofuata ni miezi ya kumwaga hela.

Ya kwanza ilikuwa kikopo cha gramu 30, shilingi 62,000, imeandikwa ni ya hafla ya chai, yaani ya kunywewa na maji matupu kwenye sherehe za chai za Wajapani. Sitaisema vibaya. Ukiikoroga na maji matupu ina utamu wa mbali, na ukimeza kinabaki kitu kama supu nzuri ya mboga. Tatizo ni kwamba mimi siuzi maji matupu. Nilipotia maziwa, sukari na barafu, ule utamu wa mbali ukapotelea humo, na kilichobaki kilikuwa maziwa ya kijani yasiyo na nguvu. Piga hesabu: gramu 2 kwa kikombe, vikombe 15, zaidi ya shilingi 4,100 kila kimoja kabla hujagusa maziwa. Nimuuzie mwanafunzi kwa bei gani?

Nikarukia upande wa pili kama kawaida ya mtu aliyeumia. Gramu 100 kwa 14,000, ikaja na basi kutoka Dar, nikaifuata stendi ya Nanenane kwa bodaboda. Nilipoifungua, rangi yake ilikuwa kama kaki ya sare za shule. Mgongoni paliandikwa unga wa chai ya kijani, basi, hakuna habari ya kivuli wala jiwe. Ni chai ya kijani ya kawaida iliyosagwa, na usagaji wenyewe wa haraka haraka, maana ulimini nilihisi chengachenga. Nikajipa moyo kwamba kwenye keki haitaonekana. Ilionekana. Keki ilitoka ya kahawia, mteja akadhani nimemuokea ya tangawizi, na hela yake nikarudisha.

Ya tatu ndiyo ninayoitumia mpaka leo: pakiti ya rangi ya fedha ya gramu 100, ya kupikia, imetoka Nishio katika mkoa wa Aichi, Japani. Niliipata kwa 36,000, yaani shilingi 720 kwa kikombe. Ukiinywa na maji matupu utakunja uso, nakuonya mapema. Ina uchungu na inakaza ulimi, kwa sababu matcha ya kupikia mara nyingi ni ya majani yaliyochumwa baadaye, siyo yale machanga ya mwanzo wa msimu. Lakini uchungu huo ndio unaoutaka kwenye maziwa. Sukari haiumezi, maziwa hayauzimi, na hata ukiweka barafu nyingi bado mnywaji anajua anakunywa nini. Rangi yake siyo ile ya kung'aa ya kikopo cha 62,000, ni ya jani la mgomba lililokomaa kidogo, na mimi imenitosha.

Kuhusu maneno hayo mawili, ya hafla na ya kupikia: hayana kipimo rasmi cha kisheria. Kila muuzaji anabandika anavyoona. Kwa hiyo siku hizi siangalii jina la mbele, nageuza pakiti. Viungo viwe kimoja tu. Kuna pakiti niliwahi kuirudisha rafuni kwa sababu cha kwanza kuandikwa kilikuwa sukari, na viungo huandikwa kwa kufuata uzito, kwa hiyo ningekuwa nalipia sukari kwa bei ya matcha. Sinunui pia iliyowekwa kwenye chupa inayoonyesha ndani, hasa ikiwa imepangwa dirishani. Mwanga na joto huua rangi, na jua la Dodoma mnalijua. Muuzaji akikubali kufungua sampuli, paka kidogo kwenye karatasi nyeupe kwa kidole: nzuri inateleza kama poda ya uso na kuacha mstari wa kijani, mbaya inakwaruza na kuacha unjano.

Malalamiko yangu kwa hii ya fedha ni mawili. Zipu ya pakiti ilikufa wiki ya pili, nikahamishia kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana na kulitia kwenye friji. La pili ni bei. Tangu mwishoni mwa 2024 matcha imekuwa haba duniani, hata maduka ya zamani ya Kyoto yaliweka kikomo cha kununua, na pakiti yangu ileile sasa naipata kwa 45,000. Bado ni shilingi 900 kwa kikombe. Navumilia.

Kutengeneza kwake si kazi. Ufagio wa mianzi wa Wajapani sina. Nachekecha kijiko kimoja cha chai kwenye chupa ya jamu, naweka maji kidogo ya moto, nafunika, natikisa. Maji yasiwe ya kuchemka. Hapa tuko juu ya mita 1,100, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, lakini hata hayo yanaunguza matcha; nayaacha yapoe mpaka kama 80. Na tafadhali, maji ya kisima yenye chumvi yaacheni ya kuogea. Nilijaribu, kinywaji kikawa kizito na kimefubaa. Usishangae pia ukiona mashapo chini ya glasi. Matcha haiyeyuki, unakunywa jani lenyewe, kwa hiyo koroga kila baada ya muda.

Kwenye keki, kwa robo tatu kilo ya unga nilianza na vijiko viwili vya chakula, haikusikika kabisa. Sasa natia vijiko viwili kwa kila robo kilo, nachekecha pamoja na unga, naoka kwa nyuzi 160 badala ya 180, na juu ikianza kupata rangi nafunika kwa foili. Ndani inabaki ya kijani. Tui zito la nazi badala ya maziwa linaipendeza mno.

Ubunifu wangu wa zabibu ulinitia aibu. Nilitaka kinywaji cha hapa hapa, chini zabibu za Dodoma, katikati maziwa, juu matcha. Nikamwaga juisi mbichi, maziwa yakakatika mbele ya mteja. Sasa nazichemsha na sukari mpaka rojo, naziacha zipoe kabisa, naweka kijiko kimoja tu, kisha barafu, ndipo maziwa ya baridi. Ndicho kinachouzika kuliko vyote msimu wa mavuno.

Jioni sinywi, maana gramu 2 zina kafeini ya kutosha kunikesha. Na mdogo wangu aliyeambiwa kliniki damu yake iko chini namwambia aiweke mbali na chakula, kama chai nyingine yoyote, kwa sababu inazuia mwili kufyonza madini ya chuma.

Mama mkwe ya maji haitaki kuisikia. Ya maziwa yenye sukari vijiko viwili anamaliza, kisha anasema haina utelezi. Nilimpa kopo tupu aende nalo kijijini, akalirudisha limejaa mlenda wa unga. Sasa rafuni nina makopo mawili ya aina moja, na Jumatatu iliyopita nilishachota kijiko kizima kwenye lile la mlenda, maziwa ya mteja yakiwa tayari kwenye glasi, ndipo pua ikanishtua.