Seti ya zana za kukompaili kwa bodi za ARM: ipi uchukue, ipi uiache

Hapa unakompaili programu kwenye kompyuta yako ili iendeshwe kwenye bodi, yaani kompyuta ndogo ya Linux kama Raspberry Pi. Kabla hujapakua chochote, ingia kwenye bodi yenyewe uandike `ldd --version`. Mstari wa kwanza utakupa namba ya glibc iliyomo (maktaba ya C ambayo programu za Linux huitegemea): 2.31 kwenye Debian 11, 2.36 kwenye Debian 12, 2.41 kwenye Debian 13. Iandike pembeni. Wengi tunakimbilia kutazama toleo la GCC, yaani kompaila, kumbe namba hii ya glibc ndiyo inayoamua kama programu itawaka.

Programu iliyokompailiwa kwa glibc ya zamani hukubali kwenda kwenye mfumo mpya, ila ya mfumo mpya hairudi nyuma. Toleo la 2.34, lililotoka Agosti 2021, ndilo lililotesa watu zaidi, kwa sababu liliipa toleo jipya hata `__libc_start_main`, alama ambayo kila programu ya C huanzia. Nilikompaili programu fupi kabisa kwenye Ubuntu 22.04, nikaipeleka kwenye Raspberry Pi yenye Debian 11, ikagoma: `version 'GLIBC_2.34' not found`. Nilimaliza siku mbili nikipekua msimbo wangu, na msimbo haukuwa na kosa lolote.

Seti zote ninazozitaja hapa ni za bure. Bei yake ni bando na muda wako, na hiyo si bei ndogo.

Ya kwanza: vifurushi vya Debian

Kwa bodi ya biti 64 unasakinisha `crossbuild-essential-arm64`, kwa ya biti 32 `crossbuild-essential-armhf`. Naiweka juu kwa sababu moja kubwa: maktaba. Seti nyingine hukupa kompaila na maktaba ya C, halafu maktaba nyingine kama OpenSSL, SQLite na wenzao unajitafutia mwenyewe, na hapo ndipo kazi nyingi hukwama. Debian unaiambia `dpkg --add-architecture arm64`, unafanya `apt update`, kisha `apt install libssl-dev:arm64`. Kila kitu kinakaa katika `/usr/lib/aarch64-linux-gnu` bila kugombana na maktaba za kompyuta yako.

Sharti ni kutumia toleo lilelile la Debian lililo kwenye bodi. Kama kompyuta yako ina toleo jipya zaidi, fungua kontena (mfumo uliotengwa ndani ya kompyuta yako) ya Debian 11 au 12 kwa Docker au Podman na ukompaili humo. Wa Ubuntu 22.04 na 24.04 mjue kwamba vifurushi vya arm64 viko `ports.ubuntu.com`. Usipoongeza anwani hiyo na kuzifunga zile za kawaida kwa amd64 tu, `apt update` itakurudishia 404.

Ina doa moja. Armhf ya Debian ni ya kizazi cha vichakataji cha ARMv7, wakati Raspberry Pi 1 na Zero ya kwanza ni ARMv6. Ukizipelekea utapata `Illegal instruction`, na kuongeza `-march=armv6` hakusaidii, maana faili za kuanzishia zinazounganishwa na programu yako zenyewe ni za ARMv7.

Ya pili: Bootlin

Hii ni kampuni ya Ufaransa inayotengeneza seti zake kwa Buildroot, chombo cha kujengea mifumo midogo ya Linux. Wanayo `armv6-eabihf`, kwa hiyo mwenye Pi Zero aanzie hapa. Unachagua glibc, au maktaba nyingine za C nyepesi zaidi, musl na uClibc, na kila seti imeandikwa wazi ina glibc gani na vichwa (headers) vya keneli, yaani kiini cha Linux, ipi. Chukua ile ya `stable`, iache `bleeding-edge`. Vichwa vikiwa vipya kuliko keneli ya bodi, programu itafia mlangoni na `FATAL: kernel too old`. Ukihamisha folda baada ya kuifungua, endesha `relocate-sdk.sh` iliyomo ndani.

Ya tatu: Zig

Mwenye bando dogo atapumua: kompaila hii ni takriban MB 50, na ndani mna kila kinachohitajika kwa vichakataji vingi. Tena glibc unaitaja mwenyewe: `zig cc -target aarch64-linux-gnu.2.31`. Ni Clang, kompaila tofauti na GCC, kwa ndani, kwa hiyo baadhi ya bendera za GCC itazikataa. Na ukikompaili bila `-O2`, huwasha ukaguzi unaoweza kuiangusha programu yenye makosa yaliyojificha; `-fno-sanitize=undefined` huuzima, ingawa ningekushauri uyatafute makosa hayo kwanza.

Ya nne: seti ya Arm wenyewe

Soma jina kwa makini. `arm-none-eabi` ni ya vidhibiti visivyo na mfumo endeshi, kama STM32 na RP2040, na kwa vidhibiti hivyo ndiyo chaguo langu la kwanza. Ukiipeleka kwenye kazi ya Linux itakuambia haioni `sys/socket.h`. Ya Linux ni `aarch64-none-linux-gnu`, ila glibc yake mara nyingi ni mpya kuliko ya bodi iliyokaa kazini miaka kadhaa.

Seti za Linaro, ambazo maelekezo ya zamani bado yanazitaja, ziliishia GCC 7.5 ya Desemba 2019. Msimbo wa C++20 usizipelekee.

Kabla hujabadilisha seti

Ukiona `skipping incompatible /usr/lib/x86_64-linux-gnu/libssl.so`, seti haina kosa: pkg-config, chombo cha kutafutia maktaba, inakuletea maktaba za kompyuta yako. Weka `PKG_CONFIG_LIBDIR`, kwa kuwa `PKG_CONFIG_PATH` huongeza njia tu bila kufuta zile za mwanzo. Kwenye CMake, chombo cha kuongoza ujenzi wa programu, `CMAKE_FIND_ROOT_PATH_MODE_LIBRARY` iwe `ONLY`. `uses VFP register arguments` maana yake umechanganya maktaba za `gnueabi` na `gnueabihf`, ambazo hupitisha namba za desimali kwa njia tofauti.

Linalochanganya kuliko yote ni `No such file or directory` wakati faili unaiona kwa macho. Kinachokosekana ni kipakiaji chake, yaani programu inayoianzisha. `readelf -l` itakuonyesha njia yake, na ukikuta `ld-musl` kwenye bodi ya Debian, ambayo hutumia glibc, jibu unalo.

Kama bodi iko mbali, juu ya mnara au kisimani, fanya `objdump -T programu | grep GLIBC` ukiwa bado mezani. Namba kubwa kuliko zote isizidi ile uliyoiandika pembeni.