Simu za kibodi kwa mtu wa baharini: gololi, kipedi au batani ya Nokia?

Kijana wa ami yangu kaniuliza juzi anunue simu gani ya zamani yenye kibodi, manake tachi imemchosha, ikipata tone la maji inajifungua yenyewe na kupigia watu. Nkamwambia ngoja nikuandikie vizuri, halafu nkaona bora niandike hapa na wengine mfaidike. Mimi nimetumia tatu na zote nimezitumia kazini, na kazi yangu ni boti ya mizigo huku Lamu, Mokowe na Amu (mji wa Lamu), Amu na Mokowe. Naandika oda za maduka: unga magunia mangapi, soda kreti ngapi, nani kalipa nani bado. Kwahio haya yote ni maneno ya mtu ambaye vidole vyake vina chumvi tangu alfajiri.

Watu wakizikumbuka simu hizi husifu kibodi, na ni kweli kibodi ni raha, herufi unaihisi chini ya kidole gumba, mkono mmoja umeshika kamba na mwengine unaandika huku macho yako kwa abiria anayeshuka na mtoto. BlackBerry ukibonya speisi mara mbili inakuwekea nukta yenyewe, ukiikalia herufi, yaani ukiibonya na kuishikilia, inakuwa kubwa. Lakini kitu cha kuangalia kabla hujatoa pesa si kibodi, ni kile kidude cha katikati cha kusogezea. Herufi moja ikifa utaandika bila hio na watu wataelewa, cha katikati kikifa huwezi kuteremka kwenye majina, huwezi kuchagua meseji, simu inawaka vizuri kabisa na haikufai kitu.

Ya kwanza ilikuwa BlackBerry Curve 8310, toleo la 2007, ile ya gololi. Kabla ya hapo BlackBerry zilikuwa na gurudumu pembeni unalizungusha kwa kidole gumba, juu na chini basi. Mwaka 2006 wakatoa Pearl, yaani lulu, na kile kigololi cheupe cha kati kweli kilifanana na lulu, na hapo ndio ukaweza kwenda pande zote nne. Nlikipenda sana wallahi. Unakigusa tu kinateleza, majina mia mbili unayapita kwa mara moja. Tatizo gololi iko wazi, inazunguka na kila kilichoko kwenye kidole inakipeleka ndani. Kwangu ilianza kugoma kwenda chini, juu inaenda, kushoto inaenda, chini haitaki mpaka uikwaruze kwa ukucha. Nkampelekea fundi mmoja mzee pale Langoni, akaitoa ile pete ya nje kwa ukucha tu, akachomoa kile kidude chote kikawa kiganjani kwake, kidogo kuliko punje ya mahindi. Chini ya gololi kuna virola vinne vidogo vyenye sumaku, gololi ikizunguka vinazunguka na simu inajua umeelekea wapi. Kirola kimoja kilikuwa kimeshika ukoko mweupe. "Mwanangu, hii imekula munyu," yaani chumvi, akanambia. Akakisafisha kwa spiriti na pamba kwenye ncha ya sindano, akapuliza, akarudisha. Ikafanya kazi kama mpya wiki tatu. Halafu tena. Halafu tena. Mara ya nne akanambia mzee wa watu, "Sitaki kukulia pesa yako, tafuta simu nyengine."

Nkanunua Curve 8520 ya 2009. Hii haina gololi, ina kipedi kidogo cheusi ambacho kinakisoma kidole kwa mwanga, hakuna kinachozunguka kwahio hakuna cha kushika munyu. Kwa hilo nawapa heko, walilitibu lile donda. Ukiwa mkavu ni laini kuliko hata gololi. Ila kidole kikiwa kibichi kinaruka, unataka jina la Bwana Omar inakupeleka kwa Bwana Zubeir, nlishawahi kumtumia mtu deni la mwenziwe kwa sababu hio na ikabidi niende dukani kwake kuomba radhi. Ukiingia kwenye seting unaweza kukipunguza ukali, nlipunguza, ikasaidia kiasi. Na ile raba ya pembeni ikaanza kubanduka kwa jasho. Mwenye kazi ya ofisini ingemfaa miaka mingi, sina shaka.

Hapa kuna jambo limeniuma. Hio 8520 niliuziwa Mombasa, duka silitaji, nkaambiwa ni mpya, boksi na karatasi za plastiki vyote. Fundi alipoifungua akaona kava ndio jipya, ndani kuna kutu na skrubu zimeshafunguliwa. Kwahio ukienda kununua usidanganyike na kung'aa, omba uitie laini yako, fungua orodha ndefu ya majina, sogeza juu chini kushoto kulia mara ishirini ishirini, na ubonye katikati mpaka uridhike. Muuzaji akikuharakisha, ondoka.

Ya tatu ndio ninayo mpaka leo, Nokia E63. Ilitangazwa 2008, plastiki, si nzuri kama ndugu yake E71 wa chuma, na picha zake ni za megapikseli 2 usizitegemee. Lakini katikati ina batani ya kawaida, ya kubonya, pande nne na ya katikati kabisa. Haitelezi, ni polepole, kwenda jina la mia unabonya na kushikilia. Ila inaitikia kwa kidole kikavu, kibichi, chenye mafuta ya samaki, chenye unga. Ukibonya unasikia kwa kidole kwamba imebonyeka, sihitaji kuangalia. Menyu ya M-Pesa naiteremka bila kutazama. Betri ni BP-4L ya 1500 mAh na bado zinapatikana, chaja ni ile pini nyembamba ambayo kila nyumba ilikuwa nayo.

Na tochi! Ukiwa kwenye skrini ya mwanzo ukiikalia speisi taa ya kamera inawaka. Usiku stima ikikatika Mkomani, vichochoro vile vya kupita mtu na punda, kidole gumba kinaijua speisi gizani, kwa tachi ningekuwa bado natafuta alama.

Kwa leo ujue hivi. WhatsApp ilizitoa BlackBerry za zamani na Nokia za aina hii mwaka 2017, hairudi. BlackBerry yenyewe ilifunga huduma za simu zake za zamani tarehe 4 Januari 2022, na ikasema wazi hata kupiga na meseji usizitegemee. Kwahio kwa kijana wetu jibu ni E63, au E71 akiipata safi, kwa kupiga, meseji na M-Pesa, na ile tachi aiweke nyumbani kwa mambo ya WhatsApp. Yangu aje aishike mwenyewe gatini kabla ya adhuhuri, aje na vidole vibichi.