L'Africaine ya San Francisco kwenye DVD: uzoefu wangu baada ya kuitazama mara mbili

Mi nimekulia Malindi, na ile nguzo ya Vasco da Gama pale kwenye ncha ndio tulikua tukikimbilia jioni tukitoka madrasa, tunakaa kwenye mawe tunatazama mashua zinaingia. Kwa hivo nliposikia kuna opera nzima ya Kifaransa ambayo Vasco mwenyewe ndani yake anaimba, nikasema hii lazima niione. Inaitwa L'Africaine, muziki ni wa Giacomo Meyerbeer na maneno ni ya Eugène Scribe, na kuipata jukwaani siku hizi ni kazi kweli. Nliyoipata mimi ni ile iliyorekodiwa San Francisco mwaka 1988, Plácido Domingo ndio Vasco na Shirley Verrett ndio Selika.

Kwanza niseme la DVD yenyewe. Ya kwanza niliyoagiza ilifika na mkwaruzo, ikifika sehemu ya tatu inaganda, na muuzaji hakujibu ujumbe wangu hata mmoja, ikabidi ninunue nyingine kwa mtu mwengine kabisa. Hiyo ya pili iko sawa. Picha ni ile ya zamani ya mraba na rangi zimefifia kiasi, sauti nayo sio ya kisasa lakini waimbaji unawasikia vizuri, na maandishi ya Kiingereza yapo chini kwa sisi ambao Kifaransa hatukijui. Inapita saa tatu. Usianze saa tatu usiku kama nlivyofanya mimi mara ya kwanza.

Sasa hadithi. Vasco anarudi Lisbon kila mtu akidhani alikufa baharini, anakuja na watumwa wawili aliowanunua, Selika na Nelusko, kuwaonyesha wakubwa kwamba kuna nchi ambayo wao hawajaifika. Wakubwa wanamkatalia, anawatukana, wanamtia jela. Asichokijua ni kwamba Selika ni malkia huko kwao, na Selika ameshampenda. Mule jela Vasco analala na Selika anakaa anamlinda, anamwimbia wimbo wa kumbembeleza kama mtoto, na Nelusko anakuja na kisu anataka kummaliza, Selika anamzuia. Vasco akiamka yuko na ramani yake inayomsumbua siku zote, na hapo huyu mwanamke anamwonyesha, pita hapa, kuna kisiwa kikubwa, njia ni hii. Anamkumbatia kwa furaha. Afu dakika chache baadae anaingia Inès, yule mchumba wake wa Lisbon, amechukia kusikia habari za huyu mwanamke, na Vasco ili amtulize anamwambia mchukue, nakupa, awe wako, yeye na mwenzake.

Nlikua natazama na shangazi yangu, mama wa makamo ambaye opera hajawahi kuisikia, alikua amekaa mkekani anachambua mchele kwenye uteo na mimi namtafsiria. Hapo mkono wake ulisimama. Akaniuliza, "Si ndiye aliyemwonyesha njia?" Nikamwambia ndiye, shangazi. "Na sasa anampa mtu?" Nikamwambia ndio. Akauweka uteo chini na hakuushika tena mpaka sehemu ile ikaisha.

Manake sisi watu wa pwani hii hadithi tunaijua kwa upande mwengine. Aprili 1498 Vasco wa kweli alifika Mombasa na mambo yakaharibika, marubani aliowachukua Msumbiji wakajirusha baharini wakatoroka, ndio akasogea mpaka Malindi, sultani akampokea na akampa rubani, na huyo rubani ndio aliyewavusha mpaka Calicut kule India mwezi wa tano. Shuleni wengi tuliambiwa ni Ahmad ibn Majid, yule baharia maarufu wa Kiarabu, ingawa wanahistoria wengi sasa wanalikataa hilo. Wareno wenyewe katika vitabu vyao walimwandika Malemo Cana, na hilo malemo ni mwalimu huyu huyu wetu, ndivyo walivyokua wakiitwa mabaharia wanaojua njia za nyota. Kwa hivo nlipoona Selika anaweka kidole kwenye ramani mwili ulinisisimka, Scribe aliyeandika yale maneno Paris sijui kama alikusudia, lakini amegusa palepale.

Na Nelusko je! Sehemu ya tatu yote iko ndani ya meli, Nelusko amefanywa rubani na makusudi anaipeleka kwenye miamba, huku anawaimbia mabaharia wimbo wa Adamastor, jitu la dhoruba, anaimba na anacheka na wao hawaelewi kwamba wanaimbiwa kifo chao. Justino Díaz anaiimba kwa hasira ambayo unaiamini. Mimi kwa kweli Nelusko ndio mtu niliyemhurumia zaidi, anampenda malkia wake na malkia anamtumia amtetee mwanamme mwengine.

Kilichoniudhi nitakisema pia. Jina maana yake ni Mwafrika lakini ukifika sehemu ya nne kisiwani kwao Selika watu wanaapa kwa Brahma, Vishnu na Shiva, yaani ni Wahindi, na Meyerbeer alishabadilisha hadithi ikawa inaitwa Vasco da Gama, ila alikufa Mei 1864 kabla haijachezwa, na François-Joseph Fétis aliyeitengeneza kwa ajili ya onyesho la kwanza Paris mwaka 1865 akarudisha jina la zamani. Ndio maana hujui uko wapi. Hata ule mti wa sumu ambao Selika anafia chini yake mwishoni, mancenillier, ni mti wa pwani za Karibi, haumo katika bahari yetu kabisa. Kwa waliokua Paris wakati ule kote huko kulikua sehemu moja tu ya mbali, na hilo mtu wa huku linamuuma.

Mbona haichezwi sana basi, na zamani ilijaza majumba? Ni ghali, sehemu tano, meli, ngoma, waimbaji wakubwa wengi kwa mara moja. Halafu Meyerbeer alikua Myahudi, Wagner, mtunzi wa Kijerumani, alimwandika vibaya sana na baadae Wanazi wakapiga marufuku muziki wake, na jina lililoangushwa namna ile kulinyanyua ni tabu.

Domingo akifika kwenye ule wimbo wa O paradis, anaiona ile nchi kwa mara ya kwanza na anaisifu halafu anasema ni yake sasa, sauti iko juu na nzuri sana na maneno ni ya mtu anayechukua cha mwenzake, na vyote viwili vinaingia kwa pamoja. Lakini hii DVD ni ya Verrett. Yeye na Domingo walishaiimba hapohapo San Francisco 1972, na unaona kabisa hajifunzi, anaijua Selika. Alikua mwanamke mweusi wa Kimarekani aliyezaliwa New Orleans, anavosimama tu unajua ni malkia hata akiwa ameuzwa.

Sehemu ya tano inakuja ile mwanzo ya okestra ambayo fidla zote zinapiga sauti moja, hakuna kingine chini yake, ni ule mstari mmoja tu unapanda na kushuka. Shangazi aliinua kichwa akasema "hii kama taarab". Na ni kweli, fidla za taarab ndivyo zinavyokwenda, pamoja kwenye wimbo mmoja. Selika amewaachia Vasco na Inès waondoke na meli, amekwenda chini ya ule mti peke yake, anaitazama inavotoweka. Nlirudisha pale mara tatu na shangazi hakulalamika.

Mi naipa nyota nne, hiyo moja imepungua kwa picha na kwa vipande vya opera vilivyokatwa kwenye onyesho hili. Ukiinunua igawe usiku mbili, simama baada ya meli kuzama, na ile sehemu ya mwisho usiitazame kwa spika za simu, tafuta spika nzuri hata ya kuazima kwa jirani.