Kiboksi cha dawa cha wiki: kinafaa, ila si kwa kila kidonge

Viboksi hivi vya kupangia vidonge vya wiki nzima, chumba kwa kila siku, vinauzwa Kariakoo. Kwa mzazi anayemsaidia mwanawe mtu mzima mwenye ugonjwa wa akili kama skizofrenia au bipola, chukua cha vyumba 14, asubuhi na usiku. Kagua vifuniko kabla ya kulipa: bawaba nyembamba hukatika mapema, na kifuniko kisipolia “tak” vidonge vitamwagika. Siku zimeandikwa kwa herufi moja moja za Kiingereza, T mbili na S mbili. Bora kuandika J3, J4 kwa makapeni. Kabamazepini na valproeti, dawa za kutuliza hisia, usizitoe kwenye pakiti yake. Unyevu wa Dar huziharibu, kwa hiyo kata pakiti kwa mkasi, uweke kipande kikiwa kimefungwa. Mwanao ajaze kiboksi mwenyewe, wewe hesabu tu. Chumba cha jana kikiwa bado kimejaa, asimeze dozi mbili kufidia, ulizeni kliniki.