Ekstensheni nyeupe ya matundu ya kila plagi: tumeifungua ndani

Ekstensheni nyeupe ya matundu manne, ile inayopokea plagi yoyote na haina jina la kiwanda, imejaa mezani kwa machinga. Mgongoni imeandikwa 2500W. Kwa chaja za simu, redio na taa inafaa. Pasi na birika la umeme usichomeke humo hata siku moja.

Ichomoe ukutani, fungua skrubu, utaona sababu. Ganda la waya ni nene, lakini nyuzi za ndani ni chache. Waya wa kubeba ampia 13 unatakiwa uwe na unene wa 1.25 mm² au zaidi; huu wa 0.75 mwisho wake ni ampia 6, takriban wati 1,400 kwa volti 230. Birika la wati 2,000 linavuta karibu ampia 9. Ganda linalainika, na waya ukiwa umeviringishwa au umepita chini ya zulia, joto halina pa kutokea. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, nayo huzidi kupata moto.

Kinachotutia hofu zaidi ni ethi, ule waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja. Kila pa kuchomeka pana vitundu vitatu, lakini nyaya za ndani ni mbili! Kile kibati cha tundu la juu hakijaunganishwa na chochote. Friji ikipiga shoti, bodi yake inabaki na umeme ukimngoja atakayeigusa. Kama una mita ya fundi ya kupimia umeme, iweke kwenye mlio, ncha moja kwenye pini ndefu ya plagi, nyingine kwenye tundu la juu. Isipolia, ethi hamna.

Matundu yanayopokea kila plagi hayaibani hata moja sawasawa, ndipo cheche na weusi huanzia. Tena hayana vizuizi vya ndani, mtoto anaweza kuingiza msumari.

Ikiwa tayari unayo na plagi yake ina fyuzi ya ampia 13, weka ya 5, kwa sababu waya huu utaungua kabla ya ile ya 13 kukatika. Ukienda kununua nyingine, tafuta yenye matundu ya mstatili pekee na maandishi 3 × 1.5 mm² (yaani nyaya tatu za 1.5) juu ya waya wenyewe. Maandishi ya kwenye boksi usiyategemee.

Ukinusa plastiki inayoungua, zima swichi ya ukutani kwanza, ndipo ushike plagi.