Treni, basi au gari kwa wikendi ya mjini? Anza kuuliza utashushwa wapi

Mwezi uliopita nilikata tiketi ya basi nikajiona nimepata. Niondoke Ijumaa saa 11 jioni, nifike saa 4 usiku, Jumamosi yote iwe yangu. Saa 4 na dakika 10 basi likasimama kweli, ila si mjini. Tulishushwa kwenye uwanja wa kokoto kando ya barabara kuu: taa moja, mlinzi mmoja mwenye tochi, na kibanda cha tiketi kilichofungwa. Gurudumu la sanduku langu lilikatikia kwenye kokoto zile. Basi la mjini la mwisho lilikuwa limeshaondoka, na teksi iliyonifikisha nilikolala ilinitoza zaidi ya nauli nzima ya safari. Kitandani nilipanda saa 7 kasorobo. Kesho yake niliitazama tena ile tiketi. Jina la kituo lilikuwepo, kwa herufi ndogo, chini ya jina la jiji lililoandikwa kwa herufi kubwa.

Kwa hiyo hapa sitagusa upana wa viti, choo wala intaneti ya ndani. Hayo kila mtu anajua kuyauliza. Mimi nataka uulize jambo moja kabla ya kutoa hela: nitashushwa wapi, na nikishuka saa hiyo nitatokaje hapo?

Piga hesabu nami. Kuanzia Ijumaa saa 12 jioni hadi Jumapili saa 12 jioni ni saa 48. Toa 16 za kulala, zimebaki 32. Kituo cha nje ya mji kikikula saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi, umepoteza saa 3, yaani asubuhi nzima ya Jumamosi. Anayekwenda kukaa wiki mbili hatazihisi saa hizo. Wewe wa siku mbili zitakuuma.

1. Treni inayoingia katikati ya jiji

Hii ndiyo chaguo langu, na sifichi kwamba naipendelea. Reli nyingi za zamani ziliingia hadi moyoni mwa miji, au mji wenyewe ukakua kuzizunguka. Unashuka, unavuka barabara, umefika.

Ukinibana nitaje jina moja tu duniani, nitakwambia Shinkansen, treni ya mwendo kasi ya Japani. Ilianza tarehe 1 Oktoba 1964 kati ya Tokyo na Osaka, na katika miaka yote hiyo hakuna abiria aliyekufa kwa treni kugongana au kuacha reli. Zile za haraka zaidi, ziitwazo Nozomi, zinaimaliza safari hiyo ya kilomita 515 kwa takriban saa 2 na nusu, zikianzia Tokyo Station, katikati kabisa. Jambo la kuangalia ni mzigo. Tangu Mei 2020, kwenye njia hiyo, sanduku ambalo urefu, upana na kina chake vikijumlishwa vinazidi sentimita 160 linahitaji kiti maalumu kilichokatwa mapema.

Lakini hata hiyo ninayoipenda ina kasoro ileile inayoninyima usingizi. Upande wa pili haikushushi Osaka Station, inakushusha Shin-Osaka. "Shin" maana yake ni "mpya", na kituo kipya mara nyingi kimejengwa pale ambapo ardhi ilipatikana, si pale watu wanapokwenda. Shin-Osaka haina neno, kwa sababu treni nyingine inakufikisha Osaka Station kwa dakika chache. Kwingine utalia. Ufaransa kuna kituo cha TGV (treni zao za mwendo kasi) kiitwacho Haute-Picardie, kilichofunguliwa mwaka 1994 kati ya Amiens na Saint-Quentin, na miji yote miwili iko mbali nacho. Wafaransa wenyewe wanakiita kituo cha viazisukari, kwa kuwa kimezungukwa na mashamba. Treni ina kasi ya ajabu, halafu wewe umesimama shambani na begi lako!

Kwa hiyo soma jina la kituo kama unavyosoma mkataba. Uingereza, ukiona neno "Parkway", ujue kituo kimewekwa kwa ajili ya watu wenye magari. Bristol Parkway iko nje ya mji, na anayekwenda katikati hushuka Bristol Temple Meads. Ujerumani, tafuta "Hauptbahnhof", kituo kikuu. Maneno "mpya" na "uwanja wa ndege" yakitokea popote, simama kwanza ufungue ramani.

Na ramani yenyewe ifungue vizuri. Wengi huweka kituo na hoteli, wakaona dakika 25, wakaridhika. Hizo ni dakika za mchana. Badilisha saa, weka Ijumaa saa 5 usiku, ndipo uone ukweli. London, kwa mfano, ilianzisha treni za chini ya ardhi za usiku kucha mwaka 2016, lakini ni kwa baadhi ya njia tu, na ni usiku wa Ijumaa na Jumamosi. Anayefika Jumapili usiku wa manane hazimhusu.

2. Basi la mchana lenye stendi mjini

Msinielewe vibaya, silichukii basi. Basi lenye stendi katikati ya jiji linaishinda treni inayokuacha shambani, na hapo mimi mwenyewe nalipanda. Victoria Coach Station ya London imekuwa pale pale tangu mwaka 1932. Port Authority ya New York, iliyofunguliwa 1950, iko Manhattan, hatua chache kutoka Times Square. Kasoro ni kwamba basi linaweza kuhamishiwa stendi nyingine bila kelele, kwani halina reli ya kulifunga. Uliza stendi ya wiki hii, usitegemee ya mwaka jana.

Basi la usiku la bei ya chini linaokoa hela ya malazi. Ila ukifika alfajiri na chumba hakifunguliwi hadi saa 8 mchana, Jumamosi unaianza na macho mekundu na begi mgongoni. Sina zaidi.

3. Gari

Mkiwa wanne, au mna mtoto mchanga au mzee asiyeweza ngazi, gari linapanda hadi namba moja na sina ubishi. Kwa mtu mmoja au wawili, gari ni mzigo unaotafutiwa pa kulala kila usiku. Singapore ilianza kutoza magari yanayoingia katikati mwaka 1975, London ikafuata 2003. Miji mingi ya Italia ina maeneo yaliyofungiwa magari ya wageni, yanayolindwa kwa kamera. Faini inakukuta nyumbani baada ya wiki kadhaa, na mwenye gari la kukodi anaongeza ada yake ya kushughulikia barua hiyo. Njia ninayoikubali ni kuliacha gari kwenye kituo cha reli pembezoni mwa jiji, ukaingia kwa treni.

Sasa niseme na wauzaji. Kwa nini muda wa safari mnauhesabu kutoka kituo hadi kituo, kana kwamba watu wanalala vituoni? Kwa nini jina la jiji liwe kubwa na la kituo liwe dogo? Nauli ninayoiona mwanzo si ninayolipa mwisho: ada ya kiti, ada ya begi, ada ya huduma, zote zinatokea nikiwa nimeshaandika jina na namba ya kadi. Ni kuvizia mtu akiwa amechoka, na inaniudhi zaidi ya nauli kupanda waziwazi.

Tiketi ya kurudi Jumapili, usikate ile ya mwisho. Kata iliyo kabla yake. Ya mwisho ikifutwa, unalala huko na Jumatatu unatakiwa kazini. Iliyo kabla yake ikifutwa, bado imebaki moja ya kukimbilia.